Geji ya bati ni nini, na inakuambia nini kuhusu paa lako

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma, useme unataka bati. Utaulizwa: "Geji ngapi?" Wengi hujibu 30 kwa sababu jirani aliweka 30, au 32 kwa sababu pesa iliyopo ndiyo hiyo. Fundi aliyekusindikiza anaongeza, "Mama, 30 inatosha, wote wanaweka hiyo." Mzigo unapakiwa, na hakuna aliyesema geji ni kitu gani.

Geji ni unene wa bati. Haisemi lolote kuhusu rangi, miaka ya dhamana wala mtindo wa migongo. Na inasomwa kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, nayo 30 ni nyembamba kuliko 28. Ukinyume huu tumeurithi kwa wavutaji waya. Waya ulikuwa unavutwa kupita kwenye tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo kuliko hilo, na namba ikapanda kila hatua. Uingereza ilikifanya kipimo chake cha waya kuwa rasmi mwaka 1884, na kwa kipimo hicho geji 26 ni milimita 0.457, geji 28 ni 0.376, geji 30 ni 0.315 na geji 32 ni 0.274.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kumchanganya mnunuzi. Wamarekani wana jedwali lao la bati lenye zinki, na kwenye jedwali hilo geji 30 inakaribia milimita 0.4. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kutamka "30" wakiwa wanazungumzia vitu viwili, na kila mmoja akawa na jedwali la kujitetea. Mimi naona geji inafaa kuanzishia mazungumzo tu. Pesa ikitoka mfukoni, iulizwe milimita.

Tena uulize milimita za nini. Bati la kisasa lina chuma katikati, tabaka la kinga juu na chini, kisha rangi. Kinga ikiwa ya aluzinki, ambayo ni asilimia 55 alumini, iliyobaki karibu yote zinki na silikoni kidogo, na ikiwa imewekwa gramu 150 kwa mita ya mraba kwa jumla ya pande zote mbili, inaongeza kama milimita 0.04. Rangi ya juu na ya chini inaweza kuongeza 0.025 hadi 0.03. Sasa rudi kwenye namba za pale juu: tofauti kati ya geji 30 na 32 ni milimita 0.041. Maana yake, chuma cha geji 32 kikishavaa nguo zake kinapimwa kama geji 30, au kinaipita. Muuzaji akikubandikia kipimo cha bati zima hajasema uongo, ila mzigo wa upepo unabebwa na chuma, rangi haiubebi. Swali linalokata mzizi ni hili: "Unene wa chuma kabla ya kupakwa ni milimita ngapi?"

Kidole hakiwezi kukujibu. Wapo wanaokunja kona ya bati au kuligonga wasikie mlio wake, lakini hakuna mtu anayeisikia tofauti ya milimita 0.04 kwa mkono. Mizani inajibu vizuri zaidi, na Mwanza hatuna uhaba wa mizani. Chuma chenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa milimita moja kina kilo 7.85. Bati la urefu wa mita 3, lililotoka kwenye koili (lile roli la bati bapa la kiwandani) ya upana wa milimita 914, lina mita za mraba 2.74. Chuma chake kikiwa milimita 0.30, kinatakiwa kuwa na kilo kama 6.5, kikiwa 0.25 ni kilo kama 5.4. Kinga na rangi kwa pamoja huongeza nusu kilo hivi kwa kila bati. Angalia tu upana: usipime bati likiwa limeshakunjwa kutoka ukingo hadi ukingo, pitisha futi ya kitambaa ikifuata migongo na mabonde, ndipo utapata upana wa koili. Mwenye duka asiyetaka bati lake lipande kwenye mizani ameshakupa jibu.

Hapo tumemaliza unene. Ila kutu haizuiwi na unene, inazuiwa na lile tabaka la kinga. Zinki huliwa kwanza ili chuma kibaki, ndiyo maana mkwaruzo mdogo kwenye bati zuri hauanzi kuoza kesho yake. Bati nene lenye kinga hafifu litashika kutu kabla ya bati jembamba lenye kinga nzuri. Kinga haipimwi kwa geji, inaandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba, na ukikuta AZ150 au Z100 kwenye karatasi ya mzigo, hizo namba ndizo gramu zenyewe: AZ kwa aluzinki, Z kwa zinki tupu.

Katika hili sisi wa kanda ya ziwa tuna bahati ambayo wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam hawana. Ziwa Victoria ni maji baridi, upepo wake hauleti chumvi. Mtu wa Kirumba au Bwiru anayeambiwa kwamba paa lake limeoza "kwa sababu ya ziwa" aangalie kwanza mambo mengine. Mara nyingi mkosaji ni grenda. Fundi akikata bati kwa grenda, moto unaunguza kinga ya ukingoni, na zile cheche ni chembe za chuma zinazonasa kwenye rangi na kuanza kutu zenyewe. Bati linakatwa kwa mkasi wa bati. Mkosaji mwingine ni saruji mbichi iliyodondokea aluzinki na kuachwa hapo, kwa sababu alumini haipatani na saruji. Wa tatu ni mzigo uliolowa ukiwa umepangwa, maji yakajibana kati ya bati na bati: ukifungua unakuta unga mweupe. Hiyo ni zinki inayoliwa kabla hata hujaezeka, na mzigo wa hivyo ukatae, hasa wakati wa masika.

Na upepo? Hapa geji inasifiwa kuliko inavyostahili. Mvua ya ziwani huja na upepo wa ghafla, na nyumba zetu nyingi zimekaa mlimani, kati ya mawe, ambako upepo unagonga ukuta na kupanda kuingia chini ya bati. Paa likiruka, mara nyingi halichaniki katikati. Hung'oka kwenye kingo, kwenye pembe na kwenye kofia ya kileleni, kwa kuwa huko ndiko upepo unakovuta zaidi, na linaondoka zima na papi zake, zile mbao linalopigiliwa. Yaani bati lilishika, misumari ikashika, ila papi haikushikwa kwenye kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, au kenchi haikufungwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta. Kwa nyumba ya Isamilo au Igogo juu, nikipewa kuchagua kati ya geji 28 iliyopigiliwa kivivu na geji 30 halisi iliyofungwa kwa waya na nondo hadi kwenye lenta, nachukua ya pili bila kufikiri. Unene unasaidia pale ambapo papi zimeachana sana: bati jembamba linalegea katikati, maji yanatuama, na kichwa cha msumari kinaanza kupanua tundu lake kila upepo ukitikisa. Kwa nyumba ya kuishi nisingeshuka chini ya milimita 0.30 ya chuma. Geji 32 niiachie banda la kuku, choo cha nje na jiko la kuni.

Joto lisikusumbue kwenye uchaguzi huu. Bati nene halipozi nyumba. Rangi nyepesi, dari na matundu ya kupitisha hewa ndivyo vinavyopoza.

Sasa paa ambalo tayari liko juu. Ukaguzi wake hauhitaji kupanda juu ya bati. Ingia darini saa sita mchana, zima taa, tulia mpaka macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha kama nyota. Lipigie alama kwa chaki kwenye papi iliyo karibu. Usiamini doa la dari, kwa sababu maji hutiririka juu ya papi na kudondoka mbali na yalikoingilia, wakati mwingine chumba cha pili. Angalia mbao pia: kenchi yenye weusi au unga wa wadudu haitabeba bati la geji yoyote. Kisha toka nje na utazame kutoka kwa jirani wa juu. Nyumba za mlimani zina faida hiyo, na hasara yake, maana huyo huyo jirani wa juu ndiye anayetupa maganda ya miwa na tairi la baiskeli kwenye paa lako. Takataka zikilala juu ya bati zinashika unyevu, na hapo ndipo kutu inapoanzia. Gata zilizojaa majani zinafanya vivyo hivyo ukingoni.

Tundu nyingi utakazozikuta zitakuwa kwenye misumari. Mpira wa chini ya kichwa cha msumari hukauka kwa jua na kupasuka, au msumari ulipigwa bondeni mwa wimbi, ambako maji yote yanapita, badala ya juu ya mgongo. Skrubu nazo zikikazwa kupita kiasi zinabonyeza bati, hasa jembamba, na kutengeneza kidimbwi kuizunguka. Na kama kuvuja kulianza wiki ileile alipokuja fundi wa dishi, huhitaji uchunguzi mrefu. Anayepanda juu ya bati anakanyaga kwenye mstari wa misumari, palipo na papi chini. Katikati ya papi, geji 30 inabonyea chini ya mtu mzima, na migongo ikishabonyea maji hayana njia.

Lini uzibe na lini ubadilishe? Chukua bisibisi, ubonyeze palipo na kutu. Ikiwa kutu iko juu tu na chuma kinagoma, sugua kwa brashi ya waya, paka rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya kawaida. Ikiwa bisibisi inapita, hilo bati limekwisha, na kiraka cha lami kitakuvusha msimu mmoja. Bati mbili tatu zilizochoka zinabadilishwa peke yake. Kutu ikiwa imeenea kwenye maungio, bati linapolaliana na bati, karibu paa zima, kubadilisha moja moja ni kumlipa fundi kila mwaka. Mwanza kazi ya kuezua ina miezi yake, Juni hadi Agosti, kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari mvua hupungua, ila masika ya Machi iko mlangoni. Tahadhari moja: baadhi ya nyumba kongwe zimeezekwa kwa asbesto badala ya bati. Hiyo usiikate wala kuivunja mwenyewe, vumbi lake linaleta saratani.

Unapobadilisha bati chache, geji pekee haitoshi kukupatia linalofaa. Migongo ya kiwanda kimoja hupishana na ya kingine kwa milimita chache, na bati jipya lisipokaa juu ya la zamani litaacha mwanya wa maji. Nenda dukani na kipande cha bati la zamani. Kwenye risiti muuzaji aandike unene wa chuma, gramu za kinga, upana wa koili na aina ya mgongo, maana "bati G30 nyekundu" haikusaidii kudai chochote mzigo ukija tofauti.

Mabati uliyoezua yana soko lake: uzio, vibanda, banda la mbuzi. Ila usiyaezeke tena kwenye chumba cha kulala, hata kama geji yake ni 26 ya zamani. Papi mpya hazitaangukia kwenye matundu ya misumari ya kale, na kila tundu utakaloliziba leo utalitafuta tena kwa chaki mwakani.