Neno "oast" halikuja na hopsi

Ukipita Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, utaona majengo ya mviringo yenye paa lililochongoka kama pia, na juu yake kofia nyeupe inayogeuka na upepo. Hizo ndizo "oast house", zilizojengwa ili kukaushia hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake. Husemwa sana kwamba jina hilo lilivuka bahari kutoka kwa Waholanzi pamoja na kilimo cha hopsi, karne ya 16. Dhana hiyo inavutia, maana Waholanzi nao wana "eest", tanuri ya kukaushia.

Ila maneno haya ni ndugu, si mzazi na mwana. Kiingereza cha Kale, kabla ya mwaka 1100, tayari kilikuwa na "āst", kwa maana hiyohiyo. Irabu ile ndefu ikageuka o, kama "stān" ilivyozaa "stone", yaani jiwe. Mzizi wenyewe unahusu kuwaka. Kilatini kina "aestus", joto. Tena tanuri zilikausha nafaka na kimea zamani, hopsi hazijafika. Hiyo "house" ni kiraka tu. Kent, "oast" peke yake inatosha.