Paa likiezuliwa, usianze na fundi

Kazi yangu ni kukadiria hasara. Masika yakiingia Nairobi, mimi ndiye ninayetumwa na kampuni za bima kupanda ngazi kukagua paa lako. Mara nyingi nikifika nakuta mabati mapya yameshapigwa, ya zamani yameuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma. Sasa nikadirie nini?

Piga picha kwanza, kisha funika kwa turubai. Bima inakutaka uzuie hasara isizidi, kwa hiyo kufunika si kosa, na risiti ya turubai iweke. Mabati yaliyong'oka yarundike uani mpaka niyaone, hata mpangaji akinung'unika.

Nikiyaona, naanza na matundu ya misumari. Bati lililong'olewa na upepo huchanika kuelekea upande mmoja, na mpasuko hung'aa. Bati lililochoka lina kutu iliyozunguka msumari, tundu limepanuka lenyewe. Darini naangalia madoa: pete za kahawia, moja ndani ya nyingine, ni maji ya misimu mingi. Bima hulipia dhoruba, hailipii uchakavu, na madai mengi hufia hapo. Ukiwa na risiti za ukarabati wa miaka iliyopita, nionyeshe. Zinakusaidia kuliko maneno.

Soma pia karatasi yako ya bima. Dhoruba na mafuriko ni mambo mawili. Maji yaliyopitia paa lililoezuliwa si sawa na maji ya Mto Mathare yaliyoingia kwa mlango Aprili 2024, na unaweza kuwa na kinga ya moja bila nyingine.

Kinachowaumiza wenye nyumba zaidi ya yote ni thamani waliyoandikisha. Wengi huandika kiasi cha mkopo wa benki. Tuseme kuijenga nyumba upya ni shilingi milioni 10, nawe uliikatia bima ya milioni 6. Dhoruba ikiharibu vitu vya milioni 1, unahesabiwa 600,000, kwa sababu ulikatia bima sehemu sita tu kati ya kumi, kisha inatolewa ile sehemu unayobeba mwenyewe. Hiyo 400,000 iliyobaki utaitoa mfukoni mwako. Kinachohesabiwa ni gharama ya kujenga. Bei ya kiwanja haimo, hata kama ni Kileleshwa, mtaa wa viwanja ghali.

Halafu kuna kontrakta anayebisha geti kesho yake: "Mzee, mambo ya bima niachie mimi, nitaongeza kidogo kwa kwotesheni tugawane." Mfukuze. Kwotesheni iliyopandishwa ni udanganyifu, na inaweza kuua dai zima, hata ile sehemu ya kweli. Mtafute aliyesajiliwa na NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi. Usajili unaangaliwa mtandaoni. Akuandikie kila kitu kivyake: geji (unene) ya mabati, mbao, misumari, ufundi, VAT ya asilimia 16. Nikiona mstari mmoja tu, "kurekebisha paa, 850,000", lazima nitauliza maswali, na wewe utasubiri. Mlipe kwa awamu kadiri kazi inavyosonga, wala usimtilie sahihi karatasi ya kumpa haki ya kudai kwa jina lako.

Hati ya kukubali malipo huwa inasema hutadai tena. Kabla ya kuitia sahihi, fundi afungue dari mbele yangu, tuone kama mbao za ndani zimepasuka. Kampuni ikikataa kulipa, idai sababu kwa maandishi. Usiporidhika, barua hiyo ndiyo utakayopeleka kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima.