RAM kusoma 2133 si ushahidi kwamba ni feki

Umenunua RAM (kumbukumbu ya kompyuta) ya aina ya DDR4 iliyoandikwa kasi ya 3600, umeichomeka, ukafungua Task Manager ya Windows ukakuta 2133. Wengi hapo hapo husema wameuziwa feki, na muuzaji asiye na kosa hulaumiwa bure. Ile 3600 mara nyingi ni kasi ambayo mtengenezaji ameipima kwa volti 1.35. DDR4 ya kawaida hutumia volti 1.2, na kompyuta ikiwaka huanza na mipangilio hiyo ya kawaida kwa usalama. Kasi ya juu lazima uiruhusu mwenyewe. Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza Delete au F2 uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), tafuta XMP, yaani mpangilio wa kasi ya juu uliowekwa na mtengenezaji wa RAM, ambao bodi mama nyingi za ASUS za prosesa za AMD huuita DOCP, iwashe kisha uhifadhi.

CPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za vifaa vya kompyuta, nayo hutisha watu: ikionyesha takriban 1800, hiyo ndiyo 3600 yenyewe, kwani DDR hupitisha data mara mbili kwa kila mpigo.

Ukichanganya na RAM ya zamani, zote hufuata iliyo polepole. Mashine ikianza kujizima baada ya kuwasha XMP, shusha kasi ya RAM hadi 3200. Laptopu nyingi hazina XMP kabisa, kwa hiyo usizinunulie RAM ya 3600.