Kwa nini mkono wa tairi la spea hukatika kwenye pini?

Tairi kubwa la kupandia tope la Kitulo, kule nyanda za juu, wakati wa masika mara nyingi halienei tena chini ya bodi. Likilazimishwa, huburuzika ardhini gari linapotoka korongoni. Ukilihamishia kwenye mlango wa nyuma, bawaba za mlango huelemewa na bati lake huanza kupasuka. Ndiyo maana mafundi wa kuchomelea wa Mbeya na Mafinga huombwa watengeneze mkono wa chuma unaokaa juu ya bampa na kufunguka kando ukizunguka kwenye pini.

Wateja wengi hung'ang'ania skwea paipu nene. Jamani, paipu siyo inayokatika kwanza!

Chukua tairi la inchi 33 lenye rimu ya chuma, tuseme kilo 40. Mkono ukiwa wazi na katikati ya tairi ikiwa sentimita 60 kutoka kwenye pini, pini ya urefu wa sentimita 10 huvutwa kando kwenye ncha yake ya juu kwa nguvu ya kilo 240, na kwenye ncha ya chini husukumwa kwa nguvu hiyohiyo. Irefushe ifike sentimita 20: nguvu inashuka hadi kilo 120. Unene haujaongezeka hata kidogo, na mzigo umepungua nusu.

Kwa hiyo bomba linaloshika pini lipenye bampa kutoka juu hadi chini, lichomelewe pande zote mbili. Kulibandika juu ya bati la bampa tu ni kujitafutia hasara. Ndani yake, hab (kitovu cha gurudumu) ya trela dogo yenye beringi mbili za rola na grisi ya kutosha hushinda bolti tupu, ambayo hulika mapema na kuanza kucheza.

Kisha kuna kufunga. Mkono uliofungwa bila kuegemea kitu bado unaning'inia, na kila tuta huukunja kidogo. Mkunjo mmoja hauna madhara, lakini ukirudiwa maelfu ya mara chuma huchoka, na ufa huanzia pembeni mwa weldingi. Weka chini ya ncha yake kipande cha chuma chenye mshazari kinachounyanyua kidogo unapofunga, pamoja na komeo linalouvuta kwa nguvu hadi utulie kabisa. Sasa mzigo unabebwa na ncha zote mbili.

Ongeza kizuizi cha kuushika ukiwa wazi, maana kwenye miteremko ya huku hurudi wenyewe na kumgonga anayepakua mizigo. Taa na namba ya gari zikizibwa na tairi, zihamishwe.