Kubishana ili ushinde, kubishana ili ujue: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Msomi hayumbishwi na ushabiki.

Naianza hii kwa sababu ndiyo inayotudhuru zaidi: wanaoiamini ni watu wanaosikilizwa. Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake waliwapa Wamarekani zaidi ya 1,000 jedwali la namba walisome. Baadhi yao waliambiwa kuwa linahusu dawa ya kupaka ya vipele. Wengine walipewa namba zilezile, ila wakaambiwa zinahusu sheria ya kukataza raia kutembea hadharani na bastola waliyoificha. Kwenye dawa, wenye kujua hesabu waliwapita wenzao, kama mtu angetarajia. Kwenye bastola mambo yaligeuka. Jibu sahihi lilipopendeza upande wao wa kisiasa, walilipata. Lilipowachoma, wengi wao waliridhika na jibu la harakaharaka ambalo si sahihi. Pengo kati ya pande mbili za siasa lilikuwa pana zaidi kwa wajuzi wa hesabu kuliko kwa wasioijua. Elimu yao ilifanya kazi ya wakili aliyekwisha kulipwa.

Kwa hiyo mtu akimwaga takwimu kumi, na zote zikawa upande wake, usimhesabie usomi tu. Muulize ni zipi alizokutana nazo akaziacha.

Dhana: Anayetafuta ukweli habishani.

Hubishana, tena sana. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason alibuni fumbo ambalo hadi leo linawashinda watu. Kuna kadi nne mezani: A, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni inasema: kadi yenye irabu ina namba shufwa nyuma yake. Ugeuze kadi zipi ili ujue kama kanuni ni ya kweli?

Wengi huchagua A na 4. Lakini hiyo 4 haiwezi kuivunja kanuni, hata ikiwa na konsonanti nyuma. Inayoweza kuivunja, pamoja na A, ni 7: ikikutwa na irabu, kanuni imekufa. Tunaikimbilia kadi itakayotuunga mkono na kuiruka ile inayoweza kutuumbua. Hicho ndicho anachofanya kila abishanaye ili ashinde, na mara nyingi hajui kama anafanya hivyo.

Mwaka 1998 David Moshman na Molly Geil waliwapa wanafunzi wa chuo fumbo hilo. Kati ya waliolifanya peke yao, ni asilimia 9 tu waliopata jibu sahihi. Kati ya makundi madogo, yaliyojadiliana hadi kukubaliana, asilimia 75 yalilipata. Tofauti hiyo imeletwa na ubishi! Kosa ambalo mtu halioni kwake, huliona upesi kwa mwenzake. Ila hapo hakuna aliyekuwa na upande wa kuutetea. Wote walilitaka jibu.

Dhana: Aliyebadili msimamo ameshindwa.

Ameondoka na kitu ambacho hakuja nacho. Aliyeng'ang'ania, na akashangiliwa, ameondoka vilevile alivyokuja.

Dhana: Ukimsahihisha mtu, unamzidishia ukaidi.

Hii ilikuwa na msingi. Mwaka 2010 Brendan Nyhan na Jason Reifler walikuta kwamba baadhi ya Wamarekani wenye mrengo wa kulia, waliposomeshwa kuwa silaha za maangamizi hazikupatikana Iraq, walizidi kuamini kuwa zilikuwepo. Matokeo hayo yakasambaa, na watu wakayafanya sababu ya kukata tamaa: ushahidi wa nini, basi? Thomas Wood na Ethan Porter wakarudia kwa upana zaidi, watu zaidi ya 10,000 na mada 52, wakachapisha mwaka 2019. Hawakupata hata sahihisho moja lililoleta ukaidi wa namna hiyo. Kwa kawaida, watu walisogea kuelekea ushahidi. Wanaweza kusogea kidogo, na wanaweza wasikwambie, hasa kama umewasahihisha mbele ya wenzao wanaowacheka.