Je, wajua? Kwa nini seli ya damu hujikunja ikawa mundu

Damu ya mgonjwa wa selimundu inapotoka mapafuni ikiwa imejaa oksijeni, seli zake nyingi nyekundu bado ni za mviringo. Hupinda baadaye, zikishakabidhi oksijeni kwa misuli na viungo. Kitu gani kinazikunja njiani?

Ndani ya kila seli imejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Himoglobini moja ina minyororo 4, jumla yake asidi amino 574, yaani vipande vidogo vinavyounda protini. Katika selimundu zimebadilika 2 tu, moja kwenye kila mnyororo wa beta, nafasi ya 6. Palipostahili kukaa asidi ya glutamiki, imekaa valini.

Glutamiki ina chaji hasi, kwa hiyo huelewana na maji. Valini haina chaji, na tabia yake ni ya mafuta. Tazama mchuzi unaopoa: matone ya mafuta hukutana na kuungana, kwa kuwa molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyaacha kando. Valini nayo, ikiwa katikati ya maji ya seli, inahitaji pa kujificha.

Himoglobini yenye oksijeni haina maficho hayo. Ikiachia oksijeni hubadilika umbo, na kishimo chenye tabia ya mafuta hufunguka. Valini ya himoglobini jirani hujichomeka humo. Jirani huyo naye hunaswa na mwingine, mpaka unatokea uzi, na nyuzi 14 husokotana kuwa kamba ngumu inayosukuma utando wa seli kutoka ndani. Huo ndio mundu unaoziba mishipa midogo na kuleta maumivu yasiyosemeka.

Kinachonishangaza zaidi ni udhaifu wa mshiko wenyewe. Hakuna gundi. Damu ikirudi mapafuni, kamba huyeyuka na seli hujinyoosha. Lakini kukunjwa na kukunjuliwa kila mara huuchosha utando, na seli ambayo ingeishi siku 120 hivi hufa baada ya siku 10 hadi 20. Mwili hauwahi kuzifidia.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walipitisha umeme kwenye himoglobini ya kawaida na ya selimundu, wakaona haziendi sawa: chaji zilitofautiana. Wakaiita selimundu ugonjwa wa molekuli. Naye Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kwamba wenye jeni moja ya selimundu, waliyorithi kwa mzazi mmoja tu, ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu, na mwaka 1954 akaonyesha sababu: jeni hiyo moja huwakinga dhidi ya malaria kali.

Ukiyajua haya, maneno ya kliniki yanaeleweka. “Mnyweshe mtoto maji mara kwa mara,” mama huambiwa, kwa sababu seli ikikauka himoglobini husongamana na kunasana upesi zaidi. Kichanga hana dalili miezi ya mwanzo kwa kuwa himoglobini aliyotoka nayo tumboni mwa mama ina minyororo ya gama badala ya beta. Dawa ya hidroksiyurea huuchochea mwili uitengeneze tena himoglobini hiyo. Valini haiguswi, inabaki palepale. Ila sasa katikati ya msururu wameingia majirani wasiokubali kushikwa, na kamba inachelewa kusokotwa mpaka seli ifike mapafuni.