Mtoto akiandika "ntoto", amesikia sawasawa

Andika ba be bi bo bu ubaoni, weka kidole kwenye "bo", umwite mtoto mmoja wa darasa la kwanza aisome. Mmoja, si darasa zima. Mwangalie midomo. Itacheza kimya kimya, ba, be, bi, halafu sauti itatoka kwa nguvu: "Bo!" Wenzake watampigia makofi. Na mimi niliyapiga makofi hayo kwa miaka minne kabla sijaelewa nilichokuwa nakiona. Mtoto yule hakusoma. Aliimba wimbo kuanzia mwanzo mpaka akafika kidole kilipo. Futa mstari wote, andika "bo" peke yake kwenye kona ya ubao, atakutazama usoni akisubiri umwanzishie.

Nafundisha darasa la kwanza na la pili huku uwandani kwa Wamakonde, mkoani Mtwara, tangu 2012. Mtaala wa KKK ulipoingia mwaka 2015 tulipunguziwa masomo ili saa nyingi ziwe za kusoma, kuandika na kuhesabu. Nilifurahi, maana muda ndio tuliokuwa tunaulilia. Januari iliyofuata elimu bila malipo ikaanza, wazazi wakaleta hata watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa michango, nami nikakabidhiwa watoto 118 katika chumba kimoja. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Watoto 118 wakiitikia kwa pamoja wanatoa sauti tamu sana, na ndani ya sauti hiyo wanaweza kujificha watoto sabini wasioijua hata herufi moja. Mkaguzi akipita dirishani anasikia darasa linasoma.

Mwaka huo nilianza kuwasikiliza mmoja mmoja. Watoto sita kwa siku, wenzao wakiwa wanaandika, dakika mbili mbili, na daftari la kaunta mkononi. Ilinichukua wiki nne kumaliza mzunguko mmoja. Neno nililolitumia sana lilikuwa "bibo", kwa sababu kila mtoto wa huku analijua tunda la mkorosho kabla hajaijua shule. Nilikuwa naandika "bibi" na chini yake "bibo". Anayesoma kweli atayatofautisha. Anayekisia atasema "bibi" mara zote mbili, au akiona mchoro wa tunda atasema "mabibo". Baadaye nikaongeza maneno yasiyo na maana yoyote, kama "teku" na "libo", ambayo hakuna mtoto anayeweza kuyakariri kwa kuwa hajawahi kuyasikia. Kama una darasa la kwanza na hujafanya hivi, fanya kesho asubuhi. Utaumia moyo, lakini utajua pa kuanzia.

Niliposikiliza ndipo nilipogundua kwamba wengi hawakuwa na shida ya macho wala ya kumbukumbu. Herufi walizitambua. Walichoshindwa ni kuziunganisha, na sehemu ya lawama ilikuwa yangu, kwa jinsi nilivyokuwa nazitamka. Ukimwambia mtoto herufi hii inaitwa "be" na hii inaitwa "a", akiziunganisha kwa uaminifu atapata "bea". Aliyefundishwa nyumbani kwa nyimbo za runinga ana "bii" na "ei", na hapo hakuna njia yoyote ya kufika "ba". Mafunzo ya mradi wa Tusome Pamoja yalipofika mkoani kwetu ndiyo yaliyonifungua kuhusu utambuzi wa sauti: kwamba mtoto anahitaji kusikia neno limejengwa kwa vipande kabla hajaonyeshwa vipande hivyo ubaoni.

Hata hivyo sauti nazo haziko sawa, na hili nimelijua kwa kufundisha. Kuna sauti zinazovutika: mmmm, ssss, nnnn, llll. Mtoto anaweza kuishika "mmmm" mdomoni, akaifungulia "aaa", na "ma" ikatokea yenyewe bila wewe kueleza chochote. Lakini jaribu kuivuta b, t au k. Haivutiki. Ukilazimisha unatamka "bu" au "tu", na mtoto anaunganisha "bu" na "a" anapata "bua". Kwa hiyo naanza na m, s, n na l pamoja na irabu zote tano, mpaka watoto waelewe kuunganisha ni kitu gani. Zikija b, t na k siwasumbui na sauti peke yake. Nawapa silabi nzima mara moja. Kiswahili kinaturuhusu, maana silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu. Wapo wanaobishana kama tufundishe kwa sauti au kwa silabi. Mimi sioni haja ya kuchagua. Sauti ni ya kumfungulia mtoto mlango, na silabi ndiyo nyumba atakayoishi.

Kuna msaada mwingine tunao huku pwani na kusini ambao sisi walimu tunaupita. Watoto wengi wanafika darasa la kwanza wakiwa wameshaanza madrasa. Wameshajua kwamba herufi ya Kiarabu be, ikiwekewa alama ya irabu iitwayo fataha, ni "ba", yenye kasra ni "bi", yenye dhumma ni "bu". Hilo ni somo zima la silabi, limeshafundishwa na maalimu wao jioni baada ya alasiri! Siku hizi nawauliza wazi: chuoni mnasomaje be yenye fataha? Wanajibu kwa furaha, nami naandika "ba" chini yake. Kwa watoto hawa nazidisha muda kwenye e na o, ambazo hazina alama yake kule, na nawawekea nukta nyekundu upande wa kushoto wa kila mstari wa daftari, kwani wapo wanaoanza kuandika kutoka kulia. Zamani niliuona kama ukaidi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu kijana, aliyehamia kutoka kanda nyingine, alinionyesha daftari la mtoto lililojaa mikasi, alama za kosa, ya kalamu nyekundu. "Dada, huyu hasikii kabisa," akaniambia. Mtoto alikuwa ameandika ntoto, nkono, nti, nlango. Nikamwambia, mdogo wangu, huyu anasikia kuliko wenzake wote darasani.

Nenda sokoni hapa, sikiliza. Watu wanasema "nkono". Wanasema "ntoto". Mji wetu wenyewe wanauita "Ntwara". Nyumbani mtoto anasikia Kimakonde, au Kimakua, au Kiyao, na kwa jirani zetu wa Lindi Kimwera, na Kiswahili anachokisikia kimepita kwenye ndimi hizo. Isitoshe, ulimi una sababu yake. Ukitaka kutamka t, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu. Herufi n nayo inatamkwa hapo hapo. Basi m ikikaa mbele ya t, ulimi unawahi mahali pake kabla ya midomo kufunga, na m inageuka n. Mtoto aliyeandika "ntoto" amelisikiliza neno, amelikata vipande, na amekipa kila kipande herufi yake. Hiyo ndiyo kazi yote ya kujifunza kuandika! Kilichotofautiana ni kwamba herufi za vitabuni zinafuata Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja na ambacho kamati yake iliundwa mwaka 1930. Mtoto wa miaka saba wa Tandahimba hakuwa na habari na kamati hiyo.

Ukimwekea mkasi, anajifunza kitu kimoja: kwamba masikio yake yanamdanganya. Kesho yake ataacha kusikiliza, atarudi kukariri. Nimewaona wengi wakirudi huko, na kuwatoa tena ni kazi ya mwaka mzima.

Ninachofanya ni hiki. Kwanza nasema mbele ya darasa kwamba nyumbani tunatamka hivi na si kosa. Kisha natafuta neno lenyewe liseme ukweli wake. "Nkono mmoja. Je, miwili?" Darasa linajibu: "Mikono!" "Mi, mi, mikono. Midomo imefanya nini?" Wanashika midomo yao, wanagundua imefunga. Basi ile m ilikuwepo tangu mwanzo, ilijificha tu. Mti, miti. Mlango, milango. Mkeka, mikeka. Mtoto akishalipata hili anaanza kujisahihisha mwenyewe, anakuja mezani na neno lililofutwa na kuandikwa upya. Kwa mtoto na watoto njia hii haisaidii, kwa hiyo "mtoto" naliacha la mwisho, ingawa vitabu vinalipenda sana mwanzoni.

Linalofuata ni makofi. Kila silabi kofi moja. M-to-to, makofi matatu, kwa sababu m hiyo inasimama peke yake japo haina irabu. Mbu-zi, makofi mawili, kwa sababu m hapo imebebwa na b. Halafu uliza: mbu? Yule anayeuma usiku. Walimu wengi niliowauliza wamepiga kofi moja. Sema taratibu: m-bu. Ni mawili. Neno la Kiswahili linapenda kutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likiwa fupi hivyo, m inalazimika kuwa silabi ili ibebe mkazo. Ndivyo ilivyo kwa mbwa, nchi, nne na nta. Hata neno moja linaweza kubadilika: "mtu mbaya" ni m-ba-ya, lakini "nyumba mbaya" ni mba-ya. Mtoto simfundishi haya maelezo. Nayaeleza kwa mwalimu, ili mtoto akipiga makofi mawili kwenye "mbu" asiambiwe amekosea na mtu ambaye mwenyewe hajalisikiliza neno.

L na r ni hadithi hiyo hiyo, nayo sitaikawiza: kalamu na karamu, mahali na mahari. Natamka, wananyoosha kadi ya neno walilosikia. Kwanza masikio, kuandika baadaye. Wengine huchukua miezi.

Ufahamu nao hauna siri kubwa katika umri huu. Mtoto akisoma ku-ku-a-na-ta-ga, akifika "ga" ameshasahau alikoanza. Namwambia: sasa niambie kama unavyomwambia mama. Anarudia kwa mara moja, "kuku anataga", na uso unabadilika. Asiporudia hivyo, maana haijaingia, hata kama hakukosea silabi yoyote.

Kinachonitesa zaidi kila mwaka ni kalenda ya korosho. Kuanzia Oktoba familia zinahamia mashambani, na mtoto anaweza kupotea wiki tatu. Siwalaumu wazazi; korosho ndiyo inayonunua sare na daftari. Lakini silabi alizozipata Septemba bado mbichi, na wiki tatu zinatosha kuzifuta. Sasa kila mtoto anaondoka na kadi ishirini nilizozikata kwenye maboksi ya biskuti, zimefungwa kwa uzi. Nawaambia mabibi, ambao mara nyingi ndio wanaobaki na watoto kibandani, kwamba hawahitaji kujua kusoma. Bibi mmoja alinijibu, "Mwalimu, mimi hata jina langu sijui linavyokaa, nitamsahihishaje?" Nikamwambia, bibi, wewe mchanganyie kadi kama unavyochambua mbaazi, atoe neno, akuambie ni nini. Ukisikia neno ambalo si neno, mwambie arudie. Alirudi na mjukuu wake mwezi Desemba. Kadi zilikuwa na madoa ya utomvu wa mabibo, mbili zimepotea, na mtoto alisoma zote kumi na nane nilizozishika.

Kwa sababu ya kalenda hiyo nimebadili na mpangilio wangu. Zamani ng na ng' nilikuwa naziacha mpaka mwisho kwa kuwa ni ngumu, na matokeo yake ziliangukia msimu wa korosho, nusu ya darasa haipo. Mtoto anaingia darasa la pili akiandika "ngombe", na kile kialama cha juu anakiona kama uchafu wa wino. Ngoma na ng'ombe, nguo na ng'oa: tunashika pua, tunatamka, tunasikiliza kama g imegonga au haikugonga. Mwaka huu nimezianza Agosti, wakati mikorosho bado inatoa maua.